Mume wangu anataka BMW X3, mi nataka Harrier. Anko tuamulie

Anko, shikamoo. Mi ni msomaji wako wa siku nyingi ila kuandika ndo mara ya kwanza, na nisingeandika kama nyumbani hali ya hewa isingechafuka kwa sababu ya gari ambayo hata haijafika getini.

Iko hivi. Tuna IST, imetubeba toka mtoto wa kwanza yuko tumboni, sasa imezeeka na sie tumeongezeka. Tunakaa Goba lakini sio ile Goba ya lami, ni huku ndani, lami ikiisha kuna kipande cha vumbi na makorongo, mvua zikianza ndo usiseme, bampa la IST limeshafungwa na waya. Nyumbani niko mimi, Baba J, watoto watatu (wa miaka 11, 7 na 3), mama mkwe ambaye tunaishi naye toka mwaka juzi kwa sababu ya magoti, na dada anayenisaidia kazi. Baba J kazini anafuatwa na gari ya ofisi, kwa hiyo anayeendesha siku nyingi ni mimi, shule, dukani kwangu, hospitali na mama, kanisani. Na kila Desemba tunapanda Njombe kwao.

Hela ipo, mkopo wake wa saccos na akiba yangu ya dukani, jumla milioni 50, tukijibana sana 53. Tulikaa tukakubaliana vizuri tu, Harrier, ile new model ya 2014. Basi, mwezi wa nne akapandishwa cheo. Toka siku hiyo Harrier imekuwa gari ya kila mtu, anasema Dar nzima Harrier kama daladala, mkuu wa kitengo hawezi kushuka kwenye kitu kama hicho. Akaenda yadi moja akaona X3 ya 2013, petroli, nyeusi, siti za ngozi, milioni 46. Harrier tuliyoiona ilikuwa 52. Akaniuliza, we mwanamke kwa akili ya kawaida tu, nani anaacha Mjerumani wa milioni 46 anaenda kununua Mjapani wa 52? Kiukweli nilikosa jibu.

Na nisiwe mnafiki Anko, nimeiendesha, ile gari ni tamu. Mlango ukifunga unasikia kabisa umefunga. Lakini kaka yangu anasema gari za Ulaya ni kesi, tutakuja kuiuza kwa hasira. Wifi naye anasema namuonea wivu kaka yake asipendeze. Na jana nimegundua ameshaacha advansi ya milioni 2 pale yadi bila kuniambia, wanamshikia gari mpaka mwisho wa mwezi.

Je ni kweli gari za Ulaya ni kesi au ni maneno ya watu ambao hawajawahi kuzimiliki? Na nimwambieje bila kuvunja nyumba?

Mama J, Goba

*

Marahaba Mama J, poleni kwa moshi.

Nianze na mumeo maana wengi watamrukia. Hajakosea kuipenda ile gari. X3 ya aina hiyo, ile iliyotengenezwa kuanzia 2010 mpaka 2017, ni gari nzuri sana barabarani. Hiyo ya petroli ya 2.0 ina turbo na hospawa 184, giaboksi ya gia nane, inashika barabara hasa. Harrier ya 2.0 ya 2014 ina hospawa 151, haina turbo, inatumia CVT (giaboksi ya otomatiki isiyo na hatua za gia), mkiwa mmejaa na mizigo ya Desemba mkafika Kitonga utaisikia injini inalia na gari inapanda kwa kusuasua. X3 pale inapanda kama haijabeba mtu. Kwa hiyo ukienda kubishana naye kwamba Harrier ni gari bora kuliko X3 utashindwa, tena utashindwa mbele ya wifi.

Sasa swali lake la milioni 46 na 52. Jibu lipo na ndilo kiini cha ugomvi wenu wote. Zikiwa mpya kule Japani X3 ilikuwa inauzwa karibu mara mbili ya Harrier ya kawaida. Zaidi ya miaka kumi baadaye X3 iko chini ya Harrier. Jiulize nini kimetokea hapo katikati. Kilichotokea ni kwamba soko lote, Japani na Uingereza na hapa kwetu, linajua gari hii ikizeeka inataka nini, na kila mnunuzi anakata hiyo hela mapema kwenye bei. Bei ya kuinunua imeshuka lakini bei ya spea zake haijashuka hata kidogo, pampu ya maji ya X3 ya 2013 inauzwa leo kwa bei ya pampu ya gari ya kifahari, haijui kama wewe umeinunua kwa milioni 46. Kwa hiyo ile milioni 6 inayobaki sio faida, ni matengenezo ya kwanza yamekaa mfukoni kwenu yanasubiri siku yake.

Na siongei kwa ujumla jumla tu. Injini ya hiyo petroli ya 2.0 inaitwa N20. Ina ugonjwa wake unaojulikana dunia nzima, hasa zilizotengenezwa kabla ya 2015. Taiming cheni inaongozwa na vipande vya plastiki, vile vipande vikizeeka vinakuwa vikavu vinakatika, mabaki yanaangukia kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) yanaziba njia ya oili, na cheni yenyewe ikilegea au ikiruka hapo huna injini tena. Dalili yake ni mlio fulani mwembamba unaopanda ukikanyaga mafuta. Kuna nyingine hazijawahi kusumbua, hasa ambazo mwenyewe alikuwa anabadilisha oili mapema, lakini hiyo ya yadi nyie hamjui aliyekuwa nayo alikuwa anaimwagaje oili. Ukiacha cheni, gasketi ya kifuniko cha juu cha injini na ile ya housing ya filta ya oili zinavujisha, pampu ya maji ni ya umeme nayo ina siku zake. Fundi mzuri anayaweza yote hayo. Suala ni kwamba yanakuja kwa kufuatana, na kila moja linakuja na bei yake.

Halafu vitu vidogo ambavyo hakuna mtu yadi atakwambia. X3 nyingi hazina spea tairi, zinakuja na zile ranfleti ambazo zikipata pancha unaendelea taratibu mpaka kwa fundi. Kwenye lami ya Ulaya ni jambo zuri, ila wewe una kipande cha makorongo kila siku asubuhi na jioni, ukuta wa ile tairi ni mgumu, mama mwenye magoti atalisikia kila shimo, na ikipasuka ubavuni uko Ruaha Mbuyuni saa moja usiku na watoto watatu hakuna wa kukuuzia saizi hiyo. Betri pia. IST betri ikifa unanunua unafunga unaondoka. BMW ukibadilisha betri inatakiwa isajiliwe kwa mashine ili gari ijue imepata betri mpya, usipofanya hivyo inaendelea kuichaji kama ile ya zamani na unaiua mapema. Na oili ya giaboksi, utaambiwa ni ya maisha haibadilishwi, wakati ZF wenyewe waliotengeneza hiyo giaboksi wanashauri ibadilishwe kati ya kilometa 80,000 na 120,000.

Kwa hiyo kaka yako kasema kweli au kapiga porojo? Kati na kati. Gari za Ulaya sio kesi kwa mtu mwenye gari nyingine ya kutumia ikiwa gereji, mwenye fundi wa kueleweka mwenye mashine yake ya kupimia, na mwenye hela imekaa pembeni ambayo sio ada ya shule. Nyie mnaingia na mkopo wa saccos, mnaweka kila kitu mezani, na gari ndo hiyo hiyo moja ya shule na hospitali. Hapo ndo inakuwa kesi. Siku imewasha taa ya injini, Baba J atapitiwa na gari ya ofisi kama kawaida, na atakayesimama barabarani Goba saa kumi na mbili kasoro na watoto watatu ni wewe.

Harrier nayo usiiweke peponi. Ile CVT inataka oili yake, ya Toyota ya FE, fundi akikuwekea oili ya giaboksi ya kawaida kwa sababu "zote ni oili tu mama" umeisha. Dar ni gari inayopendwa na wezi wa saiti mira na taa, ukipaki nje usiku jiandae, na bima kubwa lipia usilete ubishi. Na kwa sababu inapendwa, watu wanauza takataka kwa bei ya dhahabu, mita imerudishwa, bodi imenyooshwa. Omba karatasi ya mnada ya Japani, ile iliyoandikwa gredi, yaani alama ya hali ya gari, ukiona R au RA ujue iliwahi kugongwa na kutengenezwa. Wakikwambia karatasi imepotea, na wewe potea. Lakini injini yake ni ngumu, spea zipo pale Gerezani, Kariakoo, mpya na za mtumba, na ikiharibika Makambako kuna mtu anaijua. Ukitaka kuiuza utaiuza wiki hiyo hiyo. X3 utaitangaza mpaka uchoke, na atakayekuja atakupigia hesabu zile zile nilizokupigia mimi hapa.

Kuhusu hadhi sasa. Usimcheke mumeo. Mtu kapandishwa cheo baada ya miaka ya kupambana anataka kionekane, ni haki yake, na wewe ukimwambia "hadhi haina maana" utakuwa umemwambia cheo chake hakina maana. Ila kama anasema Harrier haina jina, mkumbushe kidogo historia. Harrier ilipotoka Desemba 1997 nchi za nje ilikuwa inauzwa kama Lexus RX 300. Gari ile ile, kilichobadilika ni nembo. Na iliyofuata ya 2003 hivyo hivyo. Ni mpaka 2009, Lexus walivyoanza kuuza RX kule kwao Japani, ndo hizi mbili zikaanza kuachana, na hii ya 2014 mliyoiona ikatengenezwa kwa kulenga soko la Japani. Kwa hiyo ile ni gari iliyozaliwa kwenye ufahari, umaarufu ndo umeipunguzia heshima hapa mjini.

Kama shida ni nembo kweli kweli, basi angalau ahamie Lexus NX 300h. Ilitoka 2014, na injini yake ya 2.5 haibridi ni ile ile iliyo kwenye Harrier haibridi ya miaka hiyo. Anapata nembo na ngozi, wewe unapata injini ya Toyota. Shida yake ni bei, kwa milioni 53 sioni mkiipata iliyo safi, na mkiagiza wenyewe injini yake imevuka cc 2000 kwa hiyo ushuru wa bidhaa ni asilimia 10 badala ya 5. Na betri ya haibridi iko chini ya siti ya nyuma, kuna tundu la kuvutia hewa pale ambalo wanao watalijaza biskuti. Kwa sasa iacheni, iwe ndoto ya cheo kinachofuata.

Ila Mama J, kuna kitu kimenisumbua toka nimalize kusoma barua yako na naona nyie wote wawili hamjakitaja. Hebu hesabu watu. Wewe, Baba J, watoto watatu, mama, dada. Saba. X3 ina siti tano. Harrier ina siti tano. Mmekosana mwezi mzima kwa ajili ya gari mbili ambazo zote hazitoshi! Jumapili kanisani mtapakatana, sawa, mmeshazoea kwenye IST. Lakini Njombe ni safari ya siku nzima, kilometa karibu 700, mama ana magoti anahitaji kunyoosha miguu, mtoto wa miaka 3 anatakiwa akae kwenye siti yake ya mtoto na mkanda, sio mapajani kwa dada. Na trafiki wa barabara ile wako wengi, kila kosa ni faini, mtaanza kulipa Mlandizi.

Ndo maana ukiniuliza mimi, ningewatoa kwenye mashindano haya kabisa nikawapeleka kwenye Nissan X-Trail ile iliyotoka mwishoni mwa 2013, yenye siti saba. Najua haina jina la kutisha. Lakini siti ya tatu ipo, ni ndogo, ya watoto tu, wa miaka 11 na wa 7 wanakaa, mama anakaa mbele, dada na mdogo katikati pamoja na wewe. Nyingi zilizotoka Japani zina siti zisizopitisha maji, uji ukimwagika unafuta na kitambaa safari inaendelea, na mtu mwenye mtoto wa miaka 3 hahitaji nimweleze zaidi. Kuweni makini vitu viwili. Sio kila X-Trail ya umbo hilo ina siti saba, nyingi ni tano, na za haibridi zote ni tano, kwa hiyo fungueni buti mwone kwa macho msiamini tangazo. Na CVT yake inataka oili ya NS-3, badilisheni mara tu mkiinunua kwa sababu wengi huku wanaiendesha mpaka inaanza kuteleza ndo wanakumbuka. Mitsubishi Outlander ya siti saba nayo sio mbaya. Toyota Vanguard ya siti saba ni imara kabisa ila imeshakuwa mzee, Baba J akiiona atalia.

Mkiamua kuagiza badala ya kununua yadi, kaeni kwanza na kikokotoo cha TRA muweke mwaka na modeli. Gari ya miaka minane mpaka kumi inaongezewa asilimia 15 ya uchakavu, ikivuka kumi ni 30, na hiyo ni juu ya ushuru wa forodha asilimia 25, ule wa cc, na VAT 18, tena kila kodi inapigwa juu ya nyingine. Kwa hiyo gari ya mwaka mmoja juu zaidi, hata kama Japani inauzwa ghali kidogo, inaweza kufika Dar kwa bei sawa na iliyozeeka au hata chini. Watu wengi wanang'ang'ania 2013 na 2014 kwa sababu ya bei ya Japani bila kujua kwamba hiyo 30 imeshawasubiri bandarini.

Namna ya kumwambia. Usimpelekee maneno yangu, wala ya kaka yako, mwanaume akishaambiwa na shemeji amekosea atainunua X3 hata kwa milioni 60. Mwambie "naipenda ile gari, tuifanyie utafiti." Chukueni namba ya chesisi, Jumamosi mwende wote wawili kwa fundi wa gari za Ulaya, mlipe apime kwa mashine na asikilize hiyo cheni gari ikiwa imelala baridi usiku kucha, sio imewashwa na watu wa yadi kabla hamjafika. Mkitoka hapo piteni maduka mawili ya spea, na muulizaji awe yeye, wewe kaa kimya. Aulize shokapu za mbele, pampu ya maji, seti ya taiming cheni pamoja na ufundi, tairi moja ya ranfleti, na taa moja ya mbele. Aandike kwenye simu. Halafu aulize vitu hivyo hivyo vya Harrier na vya X-Trail. Mkifika nyumbani mwambie tu kila mtu aonyeshe hela ya hivyo vitu itatoka wapi baada ya makato ya saccos.

Akishaona hesabu na bado anaitaka, basi kuna namna inawezekana na mi sitasema ni wazimu. Isiwe ya 2013, mtafute ya 2015 mwishoni kwenda juu. Milioni 6 iwekwe akaunti ya jina lenu wote isiguswe kwa kitu kingine. Na IST isiuzwe, wewe ubaki nayo kwa ajili ya shule, yeye X3 aendeshe wikiendi na akaitengeneze mwenyewe. Ila bado Njombe mtaenda watu saba kwenye siti tano, hilo sina dawa yake.

Ile milioni 2 sasa, maana mwisho wa mwezi sio mbali. Mwombe akuonyeshe risiti, kwa upole, hasira za kufichwa ziweke kando kwanza utazidai baadaye na una haki nazo. Someni imeandikwaje. Kama imeandikwa hairudishwi kwa sababu yoyote, msipoteze muda kupigana, ombeni ihamishiwe kwenye gari nyingine ya hapo hapo yadi, wengi wanakubali kuliko kurudisha pesa taslimu kwa sababu mteja anabaki wao. Kama haijaandikwa kitu, aende mwenyewe aseme fundi hajaipitisha, awe na karatasi ya vipimo mkononi, na wakirudisha wairudishe kwenye akaunti sio ahadi ya wiki ijayo. Na kama wana X-Trail ya siti saba pale pale, kabla hajahamisha chochote mfungue buti mhesabu siti.